Shabani, Jibu Lilikuwa Lako

Shabani, ndugu yangu,

Arobaini yako imepita wiki mbili sasa. Pilau lilikuwa zuri, ungelilalamikia kwa mazoea tu. Nimesubiri watu watulie ndipo nikuandikie, maana kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai, nikawa na miaka miwili mizima ya kulisema, na sikulisema. Naliweka hapa mwanzoni kabisa nisije nikazungukazunguka kama kawaida yangu. Lile jibu ulilompa injinia kule Usa River, lile lililokukosesha kazi, lilikuwa langu. Hilo unalijua. Miaka yote nilikuambia kwamba jibu lilikuwa sahihi na injinia ndiye aliyekosea. Si kweli. Jibu langu lilikuwa kosa, na la kwako wewe, la mambo ya choo, ndilo lililokuwa sawa.

Haya. Nimeshaandika, na mkono haujakatika.

Kesho nitalisema gereji, mbele ya wote. Leo nakuambia wewe kabla yao, ingawa ulitakiwa kuwa wa kwanza zamani.

Habari za huku si mbaya. Gereji ipo palepale Ngarenaro na matope yake yapo palepale. Magari ndiyo yameongezeka. Tangu nchi iseme ruksa, kila meli inashusha mitumba ya Japani, na kila mtumba unaishia mlangoni kwetu. Sehemu uliyokuwa ukifungulia injini amepewa fundi rangi mmoja, anaimba nyimbo za kwaya kutwa, sauti ya pili, na hatuna wa kumwimbia ya kwanza. Lomayani bado anachomelea bila miwani na bado anasema macho ni yake. Mafundi wapya wamezuka na mtindo wa kung'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ishike moto. Wanasema ni kitu cha nchi za baridi, Afrika hakina kazi. Wanayasema hayo saa moja asubuhi, mwezi wa sita, wamevaa makoti mawili, na Meru haionekani kwa ukungu. Ungewatukana vizuri. Mimi nimenyamaza. Sina mdomo wa kumsahihisha mtu siku hizi.

Nakumbuka sana kiwanda. Wewe mtu wa boila, mimi mtunza stoo, tukajuana kwa sababu stoo na boila zilitenganishwa na ukuta mmoja, na asubuhi za baridi nilikuwa nagundua shughuli nyingi za kikazi upande wako. Ulikuwa unaweka kiganja juu ya bomba na kusema ndani kuna nini, kama mkunga. Mimi nilikuwa na saa ya kupimia mvuke, nikikukagua. Mara nyingi kiganja kilikuwa sawa na saa ndiyo iliyokuwa mbovu. Niliandika kwenye daftari kwamba saa ni mbovu. Sikuandika kwamba kiganja ni kizima.

Halafu kiwanda kikasemekana kinaleta hasara, kisha kikawa kinatafutiwa mbia, kisha kikawa na kufuli. Wewe ukatoka na ovaroli mbili, mimi nikatoka na tabia ya kuandika kila kitu. Tukahamia gereji, wewe kufungua injini, mimi kuuza spea zilizotumika. Waajiri wapya wakaanza kudai vyeti. Boila haikuwahi kukudai cheti hata siku moja, kwa hiyo hukuwa nacho.

Na mimi nikawa na kitabu.

Unakikumbuka, chenye jalada la kijani lililoliwa na mende. Nilikinunua kwa yule mama aliyekuwa akitandaza vitabu vya zamani nje ya soko. Kiingereza chake kilikuwa cha mawe, nikakisoma na kamusi mwaka mzima. Kulikuwa na sura ya injini za joto, na katikati ya sura hiyo karatasi tatu hazikuwepo. Mama alikuwa amefungia karanga. Nilipomlalamikia alinijibu, "Hizo zilizotoka ni za mahesabu tu, baba, hazina hadithi." Ukurasa wa mwisho kabla ya pengo ulikuwa umeanza kuielezea injini kamilifu, isiyo na msuguano, isiyovuja, isiyopoteza kitu njiani. Halafu hakuna kitu, mpaka sura ya majokofu.

Mtu mwingine angesema, hapa sijui. Mimi nililijaza pengo kwa akili yangu. Kama haipotezi kitu, nikawaza, basi joto lote linageuka kuwa kazi. Inaingia akilini kabisa. Ndiyo ubaya wake. Nikalisema gereji kwa sauti ya mtu aliyesoma, mkaanza kuniita Profesa, na jina hilo nikalivaa kila siku, hata Jumapili.

Sasa ile Jumapili ya makopo, uani kwako Elerai. Sijapata kuwa na siku nzuri kama ile na ningependa uijue. Tulifuata mchoro wa kitabu. Kopo la maziwa ya unga, ndani yake kopo dogo linalopanda na kushuka bila kugusa pembeni, utando wa mpira tulioukata kwenye glovu ya hospitali, na waya wa kuzungusha gurudumu. Chini jiko la mchina la mafuta ya taa, juu kitambaa kibichi. Zuhura wako alikuwa darasa la saba, tukampa cheo cha kulowanisha kitambaa. Siku nzima kopo lilitutazama tu. Halafu wakati wa adhana ya alasiri likasema tk, tk, tk, na gurudumu likazunguka lenyewe. Ulipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akidhani ni nyoka.

Hewa ikishuka chini kwenye moto inatanuka, inasukuma. Ikipelekwa juu kwenye baridi inanywea, inarudi. Moto na baridi, moto na baridi. Tulikaa tunalitazama kama watu waliozaa.

Zuhura alipoitwa kuosha vyombo, kitambaa kikakauka. Kopo lote likawa moto, juu na chini. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama, na jiko linawaka vilevile. Ukamwagia maji juu. Likaondoka. Likakauka, likasimama. Ukamwagia tena. Ndipo ukasema yale maneno yako, nayasikia mpaka leo:

"Profesa, hiki kinakula huku chini, kinatoa huku juu. Ukiziba pa kutolea kinakufa, hata ukilishe moto wa jehanamu. Wewe mwenyewe ukila siku tatu bila kwenda chooni, utafanya kazi gani?"

Mama Zuhura alicheka huko jikoni mpaka akaangusha mwiko. Mimi sikucheka. Nikakuambia chombo chetu ni cha makopo, kinavuja, kina msuguano, ndiyo maana kinatupa joto. Kingekuwa kamilifu kisingetupa hata chembe. Ukaniuliza polepole, "Hata kikiwa cha dhahabu. Hewa ikishakuwa moto kote, itarudi na nini?"

Nikapandisha sauti.

Wiki ile ile ndiyo shamba la maua la Usa River likatangaza linataka fundi wa jenereta na vyumba vya baridi. Wengi walikwenda. Mkabaki wawili, wewe na kijana wa Moshi mwenye cheti. Nilikusindikiza. Nilikusindikiza kwa sababu ya urafiki, na kwa sababu nilitaka kuona elimu yangu ikipata kazi. Nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha lililo wazi. Injinia alikuwa mtu mpole, Mtanzania mwenzetu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akasema cheti hakitaki, anataka kujua kama mtu anaelewa anachokishika. Akauliza swali moja:

"Tuseme nina injini isiyo na kasoro yoyote. Haina msuguano, haivuji. Nikiipa joto, italigeuza lote kuwa kazi?"

Nilifurahi, Shabani. Nililipiga goti langu kofi. Swali letu!

Nilikuwa naona mikono yako tu, imelala juu ya magoti, kiganja kimoja kimegeuka juu. Najua ulikuwa unalifikiria kopo. Lakini njiani nilikuwa nimekuambia, na maneno nayakumbuka: "Ukifika huko usije ukaniaibisha na mambo ya choo." Ukasema, "Lote."

Injinia akasubiri. "Una uhakika, mzee?"

"Lote, bwana."

Kazi akapata kijana wa Moshi. Nilikuambia wamempendelea kwa cheti chake, na kwamba yule injinia mwenyewe hajui kitu. Ulisema, "Labda." Miezi miwili baadaye kijana akaja gereji kutafuta beringi, akawasimulia wenzetu mkasa wa mzee aliyesema injini inageuza joto lote. Alicheka, wao wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Jina likazaliwa papo hapo. Joto Lote. Joto Lote, nishikie hapa. Joto Lote, chai imepoa, igeuze basi! Walipokuuliza ulilitoa wapi jibu lile, ulisema, "Kichwani kwangu. Mlitaka nilitoe wapi?" Na mimi nilikuwa pale, nimeshika kikombe. Nilicheka pia. Kidogo, lakini nilicheka.

Miaka ikaenda. Siku moja, miaka miwili kabla hujatuacha, nilikuwa soko la Kilombero hapa mjini, wamefungua robota la vitabu vya mitumba juu ya turubai. Nikakiona kitabu changu, nakala nyingine, jalada la kijani, kizima. Nikaenda moja kwa moja kwenye zile karatasi tatu, nikazisoma nimesimama, watu wananipita na nyanya zao.

Kinasema hivi. Hata injini isiyo na kasoro yoyote lazima ipokee joto mahali pa moto na itupe sehemu ya joto hilo mahali pa baridi. Haitupi kwa ubovu. Inatupa ili iweze kurudi ilipoanzia na kuzunguka tena. Hewa itarudi na nini! Kazi unayoipata ni ile tofauti kati ya ilichokula na ilichotoa, na ukubwa wake unategemea moto uko mbali kiasi gani na baridi. Nilipiga hesabu kwenye mkono. Ukichukua joto la maji yanayochemka na kulitupia maji ya mfereji unaoshuka kutoka Meru, injini kamilifu kuliko zote duniani inakupa chini ya robo. Nyingine yote inakwenda mferejini. Na panapokuwa na moto kote, hakuna baridi, hupati kitu, hata kama unazo kuni za msitu mzima.

Wanatoa na sababu. Injini hiyo ukiisukuma irudi kinyumenyume inachota joto kwenye baridi na kulipandisha kwenye moto. Ndivyo vile vyumba vya baridi vya shamba la maua vinavyofanya kazi. Sasa kama angetokea mtu na injini inayoishinda hii, angeifunga pamoja na ile ya kinyumenyume, na joto lingekuwa linapanda lenyewe kutoka baridi kwenda moto bila mtu kulisukuma. Ni kama kuuambia mfereji urudi mlimani. Haijapata kutokea. Nilicheka peke yangu mahali pamoja tu, wanaposema injini kamilifu isiwe na haraka hata chembe, joto liingie polepole mpaka usione likiingia, na ikifuata masharti yote inachukua milele kumaliza mzunguko mmoja. Nikasema hii naijua, ndiyo iliyokuwa ikiendesha ofisi za kiwanda chetu.

Halafu kicheko kikaisha. Nikakinunua kitabu, nikakificha stoo, nyuma ya viatu vya breki.

Ningekuambia Ijumaa ile, ukitoka msikitini. Ulikuja umebeba machungwa, ukanimenyea moja, tukazungumza mambo mengine. Nikasema Ijumaa ijayo. Unajua Ijumaa ni ngapi katika miaka miwili? Nilikuwa nakuangalia wanavyokuita lile jina nawe unaitika, na nikajiambia limekwisha kuwa jina tu, haliumi. Ukweli ni kwamba gereji ilikuwa na mafundi wengi na profesa mmoja, na huyo profesa hakutaka kuwa mtu wa kawaida.

Na siku ile ya mwisho hospitalini. Presha imekulaza upande mmoja, mdomo mzito, lakini macho yako yalikuwa yaleyale. Ukaniangalia, ukasema, "Una nini wewe?" Nikakuambia habari za beringi za malori. Nusu saa, Shabani. Beringi.

Basi. Siku ya arobaini Lomayani akamwambia Zuhura, kwa upendo kabisa, "Joto Lote alikuwa mtu." Nikamwona binti anainamisha macho. Ni mwalimu sasa pale Elerai, nadhani unajua anavyosimama akiwa hajapenda kitu, kama wewe. Juzi nimekwenda kwake na kitabu. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, kuanzia karanga. Hakuinua uso.

"Kwa hiyo baba alikuwa sahihi."

Nikasema alikuwa sahihi.

"Na wewe, ba'mdogo, ulijua."

Nilijua.

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akaendelea na mchele. Alitoa mawe matatu, nilikuwa nayahesabu. Halafu akasema, "Kaseme gereji. Kuniambia mimi ni rahisi, mimi mtoto wako."

Kwa hiyo kesho. Naiacha barua hapa kwanza.

*

Shabani, ni Alhamisi. Naendelea.

Jana nilisimama saa nne, wakati wa chai. Nikawaambia kwamba lile jibu la Usa River nilikufundisha mimi, kwamba lilikuwa kosa, na kwamba kwa kichwa chako ulikuwa umelipata jibu lenyewe siku nne kabla. Halafu fundi rangi akasema, "Profesa, marehemu asifiwe, lakini usizidishe." Hawakuniamini! Miaka yote nimewaambia uongo wameumeza, siku nasema kweli wananionea huruma. Ikabidi nilete kitabu, niwasomee mstari kwa mstari na kuutafsiri. Walisikiliza kama mahubiri ya kanisa la mwenzao, kwa adabu. Nilipofika kwenye mfano wako wa choo, ambao haumo kitabuni, ndipo walipoelewa. Kila mmoja kwa wakati wake. Niliona nyuso zikigeuka.

Mmoja akasema, "Basi Joto Lote ni wewe."

Nikasema ndiyo.

"Na ulikuwa unakunywa chai na sisi."

Nikasema ndiyo. Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka ningeshukuru.

Wakarudi kazini. Lomayani peke yake akanifuata mpaka stoo, akasimama mlangoni anafuta mikono ambayo haikuwa michafu. Akasema, "Alijua."

Nikauliza alijua nini.

Akaniambia. Kwamba siku ile ya Usa River, mimi nilipotangulia getini kutafuta usafiri, injinia alikufuata nje. Akakuambia mzee, nilitaka kukupa wewe, nimeiona mikono yako, mbona umesema lote? Ukamweleza habari ya kopo na kitambaa na choo. Akashika kichwa. Akasema ungenijibu hivyo hivyo ungekuwa mtu wangu, lakini kijana amekwisha kuambiwa, siwezi kumrudisha. Ukarudi getini, ukanikuta nasema wamempendelea kwa cheti chake, ukasema, "Labda." Lomayani anasema ulimweleza mara moja tu, mwaka uleule, ukamwapisha. Alikuuliza kwa nini usiniambie. Ukamjibu, "Elifasi ana kitabu kimoja. Nikimnyang'anya hicho atashika nini? Acha waniite."

Nimekaa na maneno hayo tangu jana. Nimejaribu kukukasirikia kidogo, maana na wewe umenificha, tena kwa muda mrefu kuliko mimi. Haikukaa. Kila ulichokuwa ukikifanya kinarudi na sura nyingine. Yale machungwa. Ule "eh, Profesa" wako, nilipokuwa nawaeleza wateja mambo ya injini kamilifu, na wewe umelala chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nilikuwa nadhani unajifunza.

Hospitalini uliniuliza nina nini. Ulikuwa unanipa nafasi, sivyo? Na mimi nikakupa beringi.

Nisamehe, Shabani. Nalisema kwa sababu nilikuwa sijalisema. Najua ulishalimaliza zamani, bila kuniuliza.

Leo asubuhi nimepita kwa Zuhura nikamwambia maneno ya Lomayani. Safari hii aliweka ungo chini. Alilia, nami nikalia, mama yake akatuletea chai na hakuuliza. Alipotulia akasema anataka zile karatasi tatu kwa Kiswahili, za kuwafundishia watoto darasani, na jina lako liwe juu yake. Nakuahidi nitaziandika. Pale nisipojua nitaandika sijui, niache nafasi wazi, aje ajaze anayejua. Na ule mfano wa choo nitauweka kama ulivyousema, neno kwa neno, bila kuusafisha. Zuhura amesema wanafunzi watacheka. Nimemwambia waache wacheke, ndivyo watakavyoukumbuka.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu akupe mahali pazuri, na asikuulize cheti.

Rafiki yako,
Elifasi